Simu Iliyolazwa Kifudifudi



Mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya pili mpaka watu wote wakaondoka. Hakuja kuungama. (Lililosemwa katika kitubio halifiki katika ukurasa huu, wala haliendi popote.) Alikuja kutaka shauri, na baadaye yeye na mumewe walinipa ruhusa niwasimulie ninyi, ila nibadilishe mambo mawili matatu ili majirani wasiwatambue. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Padre, nimemtafuta mwanamke katika simu ya mume wangu kwa majuma matatu na sikumwona. Nataka kutubu, lakini sijui dhambi yangu ni ipi."

Tuanze mwanzo. Alasiri moja mumewe, ambaye ni seremala, alipigiwa simu akiwa karakanani. Aliyepiga alisema yeye ni mfanyakazi wa kampuni ya simu. Alimtaja kwa majina yake yote matatu, akamweleza kwamba usajili wa laini yake una kasoro na kwamba laini hiyo itafungwa jioni ile ile. Sauti ilikuwa ya upole lakini ya haraka. Aliomba nambari ya kitambulisho, akaomba mwaka wa kuzaliwa, kisha akaomba namba ya siri ya M-Pesa "ili kuthibitisha". Mbele ya seremala alikuwa amesimama mteja anayengoja kitanda chake. Seremala akatoa yote. Kufikia magharibi simu ilikuwa haina mtandao, naye akadhani ni mvua. Asubuhi alipokwenda dukani kuuliza, aliambiwa laini yake ilikuwa imehamishiwa kadi nyingine, na kwa kadi hiyo mtu amekwisha kutoa shilingi 38,000. Hiyo ilikuwa karo ya binti yao wa kidato cha pili. Juu yake ulikuwa umechukuliwa mkopo kwa jina lake.

Wengi wenu mmesikia visa vya namna hii, na pengine baadhi yenu yamewapata. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, simu imekuwa mkoba, imekuwa benki, imekuwa sanduku la barua na kabati la picha za harusi. Na kila mlango katika simu hiyo unafunguliwa na laini. Ukisahau neno la siri la benki, benki hutuma namba kwa ujumbe mfupi. Mwenye laini ndiye anayeipokea. Kwa hiyo mwizi wa siku hizi hahitaji kuvunja dirisha wala kulisha mbwa sumu. Anaitwaa laini, na milango mingine inamfungukia yenyewe.

Lakini angalieni alichofanya seremala baada ya kuibiwa. Hakumwambia mkewe. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na siri nyingine iliyotangulia. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amechukua mkopo wa simu ili amsaidie ndugu yake, na mkewe alikuwa amekataa katakata msaada huo. Kama angesema, "Mama watoto, nimeibiwa," mkewe angetaka kuona jumbe zote, na angeuona mkopo ule wa kwanza. Basi siri ndogo ikawekwa mlangoni iilinde siri kubwa. Hata kwa polisi hakwenda, ingawa saa za kwanza ndizo zenye maana, maana pesa ambazo bado zimelala katika akaunti ya mwizi zinaweza kuzuiwa. Alifidia karo kwa mkopo mwingine, na mkopo huo kwa mwingine.

Ndipo simu ikaanza kulazwa mezani kifudifudi. Ikilia, anatoka nje. Neno la siri likabadilishwa. Akienda kuoga anaenda nayo. Niambie, ewe mama unayesoma, ungewaza nini?

Delila na Wafilisti

Kabla hatujamhukumu yeyote kati ya hawa wawili, chukueni Biblia zenu msome Kitabu cha Waamuzi, sura ya 16. Sisi mapadre hupenda kuihubiri sura hiyo kuhusu tamaa za mwili, lakini ukiisoma leo utaona kwamba ni habari ya mtu aliyetoa neno lake la siri. Wakuu wa Wafilisti hawakuweza kumshinda Samsoni kwa nguvu. Walikwenda kwa Delila wakamwahidi kila mmoja vipande 1,100 vya fedha, na kazi yake ilikuwa moja tu: aulize. Samsoni alimdanganya mara tatu, mara ya kwanza kwa habari ya kamba mbichi, mara ya pili kwa kamba mpya, mara ya tatu kwa habari ya kusuka nywele zake. Mara tatu alifungwa, na mara tatu akapigiwa kelele kwamba Wafilisti wamemjia. Mara zote tatu hakujiuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: hao Wafilisti wanaingiaje chumbani mwangu?

Ndivyo ilivyo kwa matapeli. Hawavunji kufuli, bali humwomba mwenye ufunguo. Humwomba akiwa na haraka, akiwa na mteja, akiwa na hofu kwamba laini itafungwa au kwamba mtoto amelazwa. Na karibu wote wana sharti moja: usikate simu, usimwambie mtu. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike. Tapeli humhitaji mtu aliye peke yake. Laiti seremala angesema, "Subiri nimpigie mke wangu," mchezo ungekwisha hapo. Lakini mume ambaye kwa muda wa miezi miwili amezoea kutomwambia mkewe habari za pesa, atapata wapi siku hiyo ulimi wa kumwambia?

Nimewauliza wanandoa katika semina zetu za parokia: ni nani anayejua namba yako ya siri? Mara ya kwanza wote husema hakuna. Wakitulia kidogo wanaanza kucheka. Kijana wa kibanda cha M-Pesa anaijua, kwa sababu mama aliitamka kwa sauti foleni ikiwa ndefu. Mtoto wa darasa la sita anaijua, kwa sababu ndiye anayetumwa kununua mkate. Fundi wa simu aliachiwa simu siku nzima ikiwa wazi. Mtu pekee asiyeijua, na ambaye haruhusiwi hata kuisogelea, ni yule tuliyeapa naye mbele ya altare kwamba tutakuwa pamoja katika raha na katika taabu. Tumetia kufuli katika mlango wa chumbani, na mlango wa barabarani tumeuacha wazi.

Sasa nimgeukie Delila mwenyewe, maana wako watakaosema, "Basi Padre, mume anipe namba zake zote leo." Lisomeni vizuri neno alilotumia kumlegeza Samsoni. Hakutumia rungu. Alisema, kwa maana yake, kwamba anayependa hawezi kuficha kitu. Neno hili nalisikia katika nyumba za Wakristo wema kabisa: ukinipenda, fungua simu yako. Upendo unafanywa kuwa bisibisi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka wa 2016, kifungu cha 115, alifundisha kwamba imani baina ya wenzi humwacha mwenzi huru, haina haja ya kumfuata nyayo kwa nyayo wala kumtawala. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 220, inakataza kuvunja haki ya mtu yeyote ya kulinda mambo yake ya ndani. Haikuandika kwamba aliyefunga ndoa amepoteza haki hiyo.

Majuma matatu

Turudi kwa mama yetu. Alimwita mtoto wa dada yake, kijana anayesoma chuoni, na siku moja seremala alipojisahau akaenda bafuni bila simu, kijana alikamilisha kazi kwa muda usiozidi dakika moja. Haikuhitajika elimu ya ajabu. WhatsApp inaruhusu akaunti moja isomwe katika vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Unaelekeza kamera kwenye mchoro wa vijisanduku vyeusi, basi. Tangu siku hiyo kila ujumbe ulioingia kwa mume uliingia pia katika simu ya mke. (Ukitaka kujua kama yako inasomwa mahali pengine, fungua katika WhatsApp orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usichokifahamu, kitoe.)

Mwanamke hakuonekana. Alichokiona ni mume wake akiwaomba rafiki zake shilingi 500, shilingi 1,000. Aliona vitisho vya watu wa mikopo. Mnakumbuka jinsi baadhi ya wakopeshaji wa simu walivyokuwa wakichota majina yote katika simu ya mkopaji na kuwapigia jamaa na wakubwa wake wa kazi, mpaka kanuni za mwaka wa 2022 zilizosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya zikapiga marufuku mtindo huo. Aliona ujumbe wa usiku wa manane ambao mumewe alimwandikia ndugu yake, kwamba amechoka na hajui kama ataona mwisho wa mwaka. Na hakuweza kumuuliza, "Baba, una nini?" Angejuaje? Alilala kando yake usiku ule akiwa macho mpaka alfajiri, akihesabu pumzi za mumewe. Fikirini adhabu hiyo: unajua mwenzako anazama, na huwezi kunyoosha mkono kwa sababu mkono wako ulipita dirishani.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Mwanamume mmoja wa Jumuiya yao Ndogo Ndogo alikuwa amemwandikia seremala habari ya ugonjwa wa mke wake, habari ambayo hata watoto wao wakubwa hawakuwa wameambiwa. Aliiandika kwa rafiki mmoja tu. Sasa watu wawili wanaijua. Alhamisi iliyofuata mama yetu alikaa katika jumuiya mkabala na mgonjwa huyo, wakasali Rozari, na hakuweza kumtazama usoni. Simu ya mume wako haina mambo ya mume wako peke yake. Ndani yake mna mama yake, mna rafiki zake, mna wafanyakazi wenzake. Na akiwa katekista, mwalimu au muuguzi, mna watu waliomwamini kwa sababu ya kazi yake. Hao hawakukuoa wewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2489, inafundisha kwamba heshima kwa mambo ya faragha ya watu ni sababu ya kutosha ya kunyamaza juu ya yasiyopaswa kujulikana. Basi niliweza kumjibu swali lake la kwanza: dhambi yake haikuwa wivu. Wivu ulimjia wenyewe. Yeye alichukua kitu ambacho hakikuwa chake, tena cha watu wengi.

Serikali nayo ina neno lake. Sheria ya mwaka wa 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inasema kwamba mwenye kuvunja kinga ya kompyuta ili aingie bila ruhusa, naye akijua hana ruhusa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au yote mawili. Na simu ya siku hizi ni kompyuta. Sisemi hivi ili mshitakiane. Mungu apishe mbali. Nasema kwa sababu wengi wanadhani cheti cha ndoa ni kibali cha upekuzi.

Na msinunue programu za kupeleleza zinazotangazwa mitandaoni, zile zinazoahidi kwamba utaona kila ujumbe wa mwenzi wako. Anayekuuzia macho hayo naye ana macho yake. Mwaka wa 2015 taarifa za wateja wa programu moja ya namna hiyo, iitwayo mSpy, zilimwagwa wazi katika intaneti, na mwaka wa 2024 jambo kama hilo likaipata tena. Mke anamchunguza mume, na dunia nzima inawachunguza wote wawili. Hali kadhalika wale wanaodhani kwamba mtandao utawatunzia uzinzi wao: mwaka huo huo wa 2015 wadukuzi waliingia katika Ashley Madison, kampuni iliyowakutanisha watu wa ndoa wanaotafuta wapenzi wa nje, wakatoa hadharani habari za akaunti zaidi ya milioni 30. Wengine walikuwa wamelipa dola 19 ili majina yao yafutwe kabisa. Hayakufutwa.

Tuishi vipi basi?

Swali hili naulizwa kila semina: mume na mke wapeane namba za siri au wasipeane? Wako mapadre wenzangu wanaosema ni lazima, kwa kuwa wawili wamekuwa mwili mmoja. Mimi sisemi ni lazima. Anayetaka kumpa mwenzake kwa hiari yake, na ampe, ingawa kampuni za simu na benki zenyewe hutusihi tusimpe mtu yeyote. Lakini kuna jambo ambalo ni lazima, nalo ni tofauti: pesa zijulikane. Mwenzako anapaswa kujua mshahara wako, mikopo yako yote mpaka ile ya Fuliza, chama unachochangia, na ndugu unayemsaidia. Ukimwonyesha madeni yako mwenyewe kwa kinywa chako, hatakuwa na haja ya tarakimu nne. Na ukimpa hizo tarakimu nne huku una laini ya pili imefichwa chini ya kiti cha gari, umempa nini?

Hapa niseme kwa sauti. Kama nyumbani mwako kuna kipigo, au mwenzi wako hutumia simu yako kukufungia usiwasiliane na wazazi na rafiki, mafundisho haya hayakutaki umpe ufunguo. Linda simu yako, mwambie mtu unayemwamini, na utafute msaada. Uwazi ni wa watu wawili walio salama.

Kwa ninyi wengine, kaeni jioni moja mwandike katika karatasi orodha ya mambo ambayo mmoja wenu akifa ghafula mwenzake atayatafuta kwa machozi: laini zote, akaunti, sacco na jina la mrithi mliyemwandika huko, bima, wadeni na wadai. Msiandike namba za siri. Itieni katika bahasha pamoja na cheti cha ndoa na hati ya shamba. Nimezika waume ambao wake zao waliambiwa habari za madeni siku ya matanga, na kamati ya mazishi.

Tena muwe na desturi moja: pesa nyingi, namba yoyote iliyotumwa kwa ujumbe, au habari yoyote ya haraka isiyotaka mtu aambiwe, haitoki kabla mwenzi hajapigiwa. Ile namba ya tarakimu sita ambayo WhatsApp hutuma, "rafiki" akikuomba umrushie akidai ameituma kwako kimakosa, ni ufunguo wa akaunti yako. Ukiitoa, kesho wana jumuiya wote wataombwa pesa kwa jina lako. Ujumbe wa M-Pesa wa mtu aliyekosea namba, tazama kwanza salio lako kabla ya kumrudishia huruma. Na kwa kuwa sasa ziko programu za akili bandia zinazoweza kuiga sauti ya mtu, muwe na swali lenu wawili, ambalo jibu lake halipo katika Facebook. Najua mume na mke ambao swali lao ni: ng'ombe yupi alikataa kupanda lori siku ya mahari? Nao hucheka kila wanapoliuliza.

Mama yetu alimwambia mumewe Jumapili hiyo hiyo usiku. Nilikuwa nimemshauri aanze na kosa lake mwenyewe kabla ya kutaja deni hata moja, na ndivyo alivyofanya. Msidhani mume alimkumbatia. Alikasirika, akalala sebuleni siku nne. Siku ya tano alirudi chumbani na daftari alilokuwa ameandika kila mkopo, tarehe na kiasi, akaliweka juu ya kitanda bila kusema neno. Pesa zilizoibwa hazijarudi mpaka leo. Walikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu, ambaye alikubali karo ilipwe kidogo kidogo. Walikwenda pamoja katika duka la kampuni ya simu wakauliza namna ya kuzuia laini zao zisibadilishwe bila wao kufika wenyewe. Na ndugu wa seremala, baada ya maneno mengi, ameanza kurudisha. Mpwa wao alitoa kile kifaa kilichounganishwa, mbele ya mjomba wake, huku ameinamisha kichwa.

Likabaki jambo la yule mgonjwa wa jumuiya. Mama aliniuliza kama amwendee. Nilimjibu hapana, kwa sababu siri hiyo haikukabidhiwa kwake; aliyekabidhiwa ni mumewe, na mumewe ndiye anayepaswa kumwambia rafiki yake kwamba imevuja, na ilivujia wapi. Seremala alikwenda Jumamosi moja asubuhi, kwa miguu, akaacha simu nyumbani. Alirudi saa nane. Walichozungumza sikuuliza.